Simu iliyorutiwa: mnunuzi wa jumla aangalie nini kabla ya kulipa

MSIMU wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, si mabati na sukari peke yake zinazochangamka katika magulio ya Mkoa wa Simiyu. Simu janja za mtumba nazo hutoka kwa kasi. Katika kata ya Shishiyu, Wilaya ya Maswa, kama ilivyo katika vijiji vingi vya ukanda wa pamba, mkulima aliyekwisha kuuza mzigo wake hutafuta simu itakayompa WhatsApp, redio, tochi na huduma za fedha kwa pamoja. Mfanyabiashara mdogo naye hufuata bidhaa Mwanza au Kariakoo, akikimbizana na siku, ili amkute mkulima huyo fedha zikiwa bado mkononi.

Katika haraka hiyo ndimo mtaji unamopotea. Ndani ya mzigo mmoja wa simu ishirini, zenye rangi moja na vioo visivyo na ufa, zinaweza kuwemo tatu au nne ambazo mtu wa kwanza alizichezea mfumo wake. Kwa lugha ya mafundi, simu hizo zimerutiwa. Zinawaka, zinapiga, zinapiga picha. Kasoro yake hujitokeza baada ya wiki moja au mbili, mteja anaporudi dukani akilalamika kwamba programu ya benki inakataa kufunguka, au kwamba simu haipokei tena masasisho ya kiwandani.

Kwa mfano wa hesabu tu, tuseme mfanyabiashara amenunua simu 20 kwa sh. 110,000 kila moja. Mtaji wake ni sh. 2,200,000. Anakusudia kuuza kila moja kwa sh. 130,000, apate faida ya sh. 400,000 kabla ya nauli na ushuru wa gulio. Simu tatu zikirudishwa na wateja, akalazimika kurejesha sh. 390,000, faida iliyobaki ni sh. 10,000. Hiyo haitoshi hata nauli ya kwenda Mwanza na kurudi. Faida ya simu 17 nzima, karibu yote, imekwenda kufidia tatu mbovu.

Kuruti ni nini

Simu janja yoyote hutoka kiwandani ikiwa na mipaka. Mwenye simu anaruhusiwa kuweka programu, kuziondoa na kubadili mipangilio ya kawaida, lakini haruhusiwi kugusa mfumo wenyewe. Mamlaka ya juu kabisa, yanayoitwa ruti, kiwanda hujiwekea. Kuruti ni kuyachukua mamlaka hayo kwa nguvu na kumkabidhi mwenye simu, au kumkabidhi yeyote atakayeishika baada yake. Kwa simu za iPhone jambo hilohilo huitwa kwa jina jingine, lakini simu zinazotawala magulio ya Simiyu ni za Android, na ndizo zinazohusika hapa.

Historia yake ni ndefu kama Android yenyewe. Simu ya kwanza ya mfumo huo, HTC iliyouzwa Marekani kwa jina la G1, ilitoka mwaka 2008. Haikupita muda mrefu watu wakagundua kichekesho: kila herufi iliyoandikwa kwenye simu hiyo, hata ndani ya ujumbe wa kawaida, ilikuwa ikipelekwa kimyakimya kwenye mfumo kama amri yenye mamlaka yote. Aliyeandika neno la Kiingereza la kuwasha upya, simu yake ilizimika na kuwaka. Kosa hilo lilirekebishwa kwa sasisho, lakini mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa. Mwaka 2009 ulizaliwa mfumo wa kujitegemea wa CyanogenMod, ulioongozwa na Steve Kondik, na ulipofungwa Desemba 2016 kazi yake ikarithiwa na LineageOS. Chombo cha kuruti kinachotumika zaidi siku hizi, Magisk, nacho kilitoka mwaka 2016.

Wanaoruti si wahalifu. Wapo wanaotaka kuondoa programu zisizo na faida ambazo kiwanda kimezibandika, na ambazo katika simu yenye nafasi ndogo hula ghala. Wapo wanaotaka kuipa simu kongwe toleo jipya la Android ambalo kiwanda kimekataa kulitoa. Hoja zao zina uzito, na mtu anayeelewa anachokifanya, kwa simu yake mwenyewe, hana wa kumlaumu. Balaa huanza pale simu hiyo inapogeuka bidhaa na kuuzwa kwa mtu asiyeambiwa.

Jambo moja lieleweke mapema, kwa sababu mitaani huchanganywa. Kufungua loki ya mtandao, yaani kuiwezesha simu iliyofungwa kwa kampuni moja ya nje ikubali laini za hapa, si kuruti. Kuflashi, yaani kupakia upya mfumo wa simu kwa kompyuta, nako si lazima iwe kuruti. Fundi akipakia mfumo halali wa kiwanda amefanya matengenezo ya kawaida. Muuzaji anayesema "hii imefunguliwa tu" aulizwe: imefunguliwa nini?

Kwa nini masasisho hukatika

Masasisho ya kiwandani ni ya aina mbili. Kuna toleo jipya la Android, linalobadilisha sura na uwezo wa simu, na kuna viraka vya usalama, ambavyo havionekani lakini ndivyo vinavyoziba matundu yanayotumiwa na wezi. Google ilianza kutoa viraka hivyo kila mwezi tangu Agosti 2015, baada ya kugundulika udhaifu mkubwa ulioitwa Stagefright, ambao uliruhusu simu kuingiliwa kwa ujumbe wa picha tu. Kila kiwanda huvichukua, huvirekebisha kulingana na simu zake, kisha huvisambaza. Viwanda vya simu za bei ya chini huchelewa, na vingine haviendelei kabisa.

Tangu Android 5.0 ya mwaka 2014, sasisho la kiwandani kabla ya kujipakia hulinganisha mfumo uliomo kwenye simu na ule unaotakiwa kuwemo. Likikuta kitu kimebadilishwa, hata kama ni kidogo, linakataa. Tangu Android 7.0 ya mwaka 2016 ukaguzi uliongezwa hadi wakati wa kuwasha simu. Zipo mbinu za kupenya vizuizi hivyo, na mafundi hodari wanazijua, lakini zinataka kurudiwa kila sasisho jipya linapotoka. Mnunuzi wa Shishiyu hatakuwa na fundi huyo jirani. Kwake yeye simu imesimama pale ilipo.

Ili kuruti, kwa kawaida fundi hulazimika kwanza kufungua lango la kuwashia simu, ambalo wao huliita butiloda. Kitendo hicho hufuta kila kitu kilichomo na huacha alama. Katika simu nyingi, kila inapowashwa, maandishi ya onyo hutokea kwa sekunde chache yakisema kwamba lango liko wazi na kwamba uzima wa mfumo hauwezi kuthibitishwa. Samsung wamekwenda mbali zaidi: tangu mwaka 2013 simu zao nyingi zina muhuri wa Knox, yaani fyuzi ndogo ndani ya chipu inayoungua mara moja tu. Ikishaungua hairudi, hata mfumo halali ukirudishwa. Huduma za simu hiyo kama Samsung Pay na folda ya siri huwa zimekufa moja kwa moja.

Kwa hiyo ahadi ya muuzaji kwamba "tutairudisha kama mpya" ina ukweli nusu. Simu nyingi zinaweza kupakiwa upya mfumo wa kiwandani, lango likafungwa, na masasisho yakaanza kuja tena. Samsung iliyoungua fyuzi itapokea mfumo, lakini thamani yake haitalingana tena na ile isiyoguswa. Na kazi yenyewe ina hatari zake. Fundi akifunga lango huku mfumo ukiwa bado umebadilishwa, simu inaweza isiwake tena. Umeme wa kompyuta ukikatika katikati ya kuflashi, matokeo huweza kuwa yaleyale, na wakazi wa mikoa hii hawahitaji kuelezwa umeme hukatika mara ngapi.

Upande wa fedha

Hapa ndipo suala hili linapotoka kwenye meza ya fundi na kuingia kwenye mfuko wa mwananchi. Tangu M-Pesa ya Vodacom ianze nchini mwaka 2008, na nyingine zikafuata, simu imekuwa pochi na akaunti. Mkulima hupokea na kutuma fedha kwa simu, mwenye duka hulipa mzigo kwa simu, na wakala hutunza floti yake humo.

Menyu ya kubonyeza nyota, kama vile *150*00#, hufanya kazi kwenye simu yoyote ile, iwe ya kitochi, iwe iliyorutiwa. Hii ndiyo sababu kasoro haionekani gulioni. Mnunuzi hujaribu kuangalia salio, linakuja, analipa na kuondoka. Programu nyingi za benki hufanya vingine: kabla ya kufunguka huiuliza Google kama simu hiyo ni salama, kupitia kipimo kiitwacho Play Integrity, kilichochukua nafasi ya SafetyNet. Jibu likiwa hapana, programu inagoma. Benki hazifanyi hivyo kwa ukorofi. Kwenye simu yenye ruti, programu mbaya iliyopewa mamlaka hayo inaweza kusoma ujumbe wenye namba za siri za muda, kunakili kinachoandikwa, na kujificha isionekane.

Zile programu za kuruti kwa mbofyo mmoja zinazosambazwa kwa kadi za kumbukumbu zistahili tahadhari ya pekee. Anayezitumia huwa amekabidhi funguo zote za nyumba kwa mtu asiyemfahamu, kisha akaiuza nyumba hiyo kwa jirani.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili: simu isiyoguswa si lazima iwe safi. Mwaka 2020 kampuni ya usalama ya Upstream, pamoja na waandishi wa BuzzFeed News wa Marekani, walieleza kwamba simu za bei ya chini aina ya Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilikutwa na programu chafu za Triada na xHelper, zilizowaandikisha watumiaji kwenye huduma za kulipia bila ridhaa yao na kula salio. Kufuta kila kitu na kuirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani hakukuziondoa. Kampuni mama, Transsion ya China, ilisema kasoro iliingizwa na mmoja wa wahusika katika mnyororo wa uzalishaji, na kwamba marekebisho yalikuwa yamekwisha kutumwa kwa njia ya masasisho. Maana yake ni kwamba aliyepokea sasisho alipona, na ambaye simu yake haikuweza kulipokea, au hakuwa na bando, alibaki nalo.

Uhai wa simu una bei

Wafanyabiashara wengi hupanga bei ya simu ya mtumba kwa kuangalia kamera, ukubwa wa kioo na nafasi ya ghala. Kipimo kinachosahauliwa ni miaka ya masasisho iliyobaki. Tuchukue simu mbili za mfano. Ya kwanza inauzwa sh. 130,000 na imebakiza mwaka mmoja wa viraka vya usalama. Ya pili inauzwa sh. 190,000 na imebakiza minne. Kwa mwaka mmoja wa matumizi salama, ya kwanza inamgharimu mnunuzi sh. 130,000 na ya pili sh. 47,500. Iliyoonekana ghali ndiyo rahisi, na muuzaji anayejua kuieleza hesabu hiyo kwa mteja ana nafasi ya kuongeza faida kidogo bila kumwibia mtu.

Miaka hiyo inatofautiana sana. Google ilitangaza miaka 7 ya masasisho kwa Pixel 8 mwaka 2023, na Samsung ikafanya hivyo kwa Galaxy S24 mwaka 2024. Hizo ni simu za bei ya juu, na zitafika kwenye magulio ya mtumba taratibu. Simu nyingi za bei ya chini hutoka kiwandani na toleo la Android ambalo ndilo zitakalozeeka nalo. Umoja wa Ulaya nao, kuanzia Juni 20, 2025, unazitaka simu mpya zinazoingizwa katika soko lake zipewe masasisho ya mfumo kwa angalau miaka 5 tangu mauzo ya aina hiyo yanapokoma. Mwekezaji mdogo anayefikiria kuagiza mtumba wa Ulaya katika miaka ijayo anayo sababu ya kuifuatilia sheria hiyo, kwa kuwa itabadilisha uhai wa bidhaa atakayoinunua.

Simu zilizokwisha muda wake zina soko lake, lakini bei ishuke. WhatsApp ilipoacha kuhudumia Android za chini ya 5.0 tarehe Januari 1, 2025, simu ambazo jana yake zilikuwa bidhaa ziligeuka redio zenye kioo. Aliyekuwa na mzigo wa namna hiyo stoo alipata hasara bila ya kuibiwa wala kuunguliwa. Ni kwa simu kongwe kama hizi ambapo kuruti na kupakia LineageOS kunaweza kuwa na maana ya kiuchumi: simu ya kuangalia filamu, ya mtoto kusomea, ya dukani kupigia muziki. Iuzwe hivyo, mteja akiambiwa wazi kwamba si ya kuwekea programu ya benki.

Wanunuzi wa pamba hawalipi kabla ya kufungua gunia na kuingiza mkono ndani. Wanajua kutofautisha pamba safi na fifi, na bei zake ni mbili. Ukaguzi wa simu hauchukui muda mrefu kuliko huo. Mnunuzi aizime simu na kuiwasha mbele ya muuzaji, akitazama kama onyo la lango kuwa wazi linatokea. Aingie Play Store, kwenye mipangilio, sehemu ya maelezo, asome kama kifaa kimeidhinishwa. Aingie "Kuhusu simu" asome tarehe ya kiraka cha usalama. Ikiwa ni ya miaka mitatu iliyopita, muda wa simu hiyo pengine umekwisha, au kuna kitu kinachozuia. Abonyeze kutafuta sasisho. Samsung iliyochezewa husema yenyewe, kwa maandishi, kwamba mfumo umebadilishwa isivyo halali na masasisho hayapatikani.

Ahakikishe pia akaunti ya Google ya mtu wa kwanza imeondolewa. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu nyingi zikifutwa bila kuondoa akaunti hudai nywila ya mwenyewe, na simu inayodai nywila isiyojulikana inaweza kuwa ya wizi. Hatimaye abonyeze *#06#, achukue tarakimu 15 za IMEI na kuzituma kwenda 15090, huduma ya TCRA, ili kujua kama ni halali. Usiku wa Juni 16, 2016 mamlaka hiyo ilizizima simu bandia nchini, na waliokuwa na mizigo madukani walijionea. Fundi anayejitolea kubadilisha IMEI iliyofungiwa akataliwe, kwa kuwa hilo ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010.

Suala la bando lisipuuzwe. Sasisho la toleo jipya linaweza kuzidi gigabaiti moja, na kwa mtumiaji wa Shishiyu hiyo ni fedha ambayo angependa kuitumia kwa kitu kingine. Ndiyo maana wengi huahirisha hadi simu inazeeka. Mfanyabiashara anayelala Mwanza usiku mmoja kwenye nyumba ya wageni yenye intaneti ya bure anaweza kuzisasisha simu zake zote kabla ya kupanda basi, betri zikiwa zimejaa na ghala la kila simu likiwa na nafasi. Simu itakayogoma kusasishwa usiku huo itakuwa imejifichua yenyewe, na asubuhi muuzaji wa jumla bado yupo karibu.

Kwa mawakala wa fedha, wengi wao tayari wana kinga rahisi: laini ya uwakala hukaa kwenye simu ya kitochi isiyoingia intaneti kabisa, na simu janja hubaki kwa mawasiliano mengine. Kitochi hakina ruti ya kuibiwa.

Lililo gumu ni kumrudishia muuzaji wa jumla. Risiti nyingi za mtumba huandikwa "bidhaa ikiuzwa hairudishwi", na aliyetoka Maswa hawezi kupanda basi mara mbili kwa simu tatu. Masharti yapatanwe kabla ya fedha kutoka: risiti iandikwe IMEI ya kila simu, na kando yake maneno kwamba simu itakayokutwa imerutiwa itabadilishwa ndani ya siku 14. Muuzaji anayekataa kuandika maneno hayo kwa simu 20 aulizwe bei ya fifi.